Sukari ya Mdomoni

Wakati wa vita, sukari ilipoadimika madukani, Wilkista wa Bumula alikuwa akiwapikia wapakiaji wa mahindi karibu na stesheni ya Kitale. Kila aliyepokea sahani aliambiwa, "Tafuna pole pole, bwana, usimeze kama bata." Alitaka washibe kwa donge dogo. Hakutoka Bumula kuja kugawa sadaka.

Wakatafuna, wakausifu ugali wake kuwa mtamu. Hata wateja wa Kabura, mpishi wa ng'ambo ya reli, wakahamia kwake. Kabura akaenda kwa Nderitu, nyapara wa pale.

"Anatia sukari! Sukari ya magendo!"

Nderitu akashika kiuno. "Mama Wilkista, kama ni kweli, utabeba sufuria zako leo leo."

Wilkista alikuwa ameuza mbuzi wake wote apate jiko lile. Bumula hakukuwa na kitu cha kurudia.

"Sawa," akasema. "Kabura apike mwenyewe. Unga wake, sufuria yake. Mimi nakaa hapa, mikono kwapani."

Kabura akasonga ugali. Akammegea nyapara tonge kavu. Wilkista akamwambia, "Tafuna. Usimeze."

Nderitu akatafuna, akatafuna.

"Ati nyapara anacheua!" mpakiaji mmoja akapiga kelele.

Macho yakamtoka Nderitu. "Ngai! Si inakuja tamu!"

"Hiyo sukari imetoka kwa mate yako," Wilkista akasema. Utamu huo aliujua tangu alipokuwa akiwatafunia wanawe chakula, na shemeji yake Mukhisa, dresa, mfunga vidonda wa zahanati kule Bungoma, alimweleza sababu. "Mate yanaanza kukatakata wanga wa ugali. Tumboni kuna uchachu, mate yanashindwa. Utumbo mwembamba ndio unamaliza kukata mpaka ibaki sukari, kuta zake zinainywa, damu inaibeba. Ndiyo inanyanyua magunia yako."

"Basi hata mimi napika tamu!" Kabura akaruka, mwiko juu.

Wapakiaji wakamkimbilia na sahani. Wilkista akaona amemtangazia mpinzani bure. Akamvuta kando upesi.

"Dada, asubuhi nipike mimi, jioni wewe. Na tusishushiane bei."

"Na kuni?"

"Tununue pamoja."

Kabura akacheka, akampa mkono uliojaa unga.

Nderitu alikuwa bado anatafuna, mkono ukinyemelea sufuria.

"Meza basi, nyapara," Wilkista akamwambia. "Tonge la pili ni la kulipa."