Kura na Kula

Kocha wetu wa mpira wa vikapu chuoni Kitale alikuwa na mbinu mbili alizozipenda kuliko zote, na alizipa majina mafupi yanayoweza kusikika katikati ya kelele. Ya kwanza aliiita Kura: mpira unazungushwa, kila msichana anaugusa kana kwamba anapiga kura, kisha aliye kona ya mbali anaurusha. Ya pili aliiita Kula: mpira unapelekwa moja kwa moja chini ya ringi kwa msichana mrefu, naye anakula. Hapakuwa na kigumu chochote. Shida ni kwamba aliyetakiwa kuziita uwanjani ni mimi, na mimi kwetu ni Misikhu, Bungoma.

Mtu wa Bungoma akikuapia kwamba hajawahi kuchanganya l na r, mwulize amelelewa wapi. Mimi nikikaa na kutulia naweza kukusomea gazeti zima bila kosa. Lakini nikishakimbia, jasho likiingia machoni, ulimi unajiendea wenyewe. Nikitaka Kura nilikuwa natamka Kula, nikitaka Kula natamka Kura, na wenzangu nusu wanakwenda huku na nusu kule.

Kocha angeweza kubadilisha jina moja tu. Angesema Ugali na Kabichi, yakaisha. Badala yake alisimamisha mazoezi na kuniita kwa kidole.

"Wewe, kuja hapa mbele. Sema 'kura'."

"Kula."

"Rudia."

"Kula."

"Rudia!"

Timu nzima ilikuwa inajishika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa miwani ya jua na Kiingereza cha puani, na hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Alijiita mtu wa Kitale mjini, basi. Akawageukia wenzangu akasema, "Ati kwao wanapiga kula, halafu jioni wanakura ugali." Nikacheka pamoja nao, maana ningefanya nini? Kicheko hicho changu ndicho kinachoniuma kuliko chao.

Tangu siku hiyo "Rudia" likawa jina langu. Kwenye foleni ya chakula, Rudia. Bafuni, Rudia. Na mashindano ya kitaifa ya vyuo yalipofika, kocha alisoma majina ya wanaosafiri na langu halikuwemo. Nilimfuata nje nikamwuliza kosa langu ni nini.

"Siwezi kupeleka mtu kama wewe huko uniaibishe mbele ya watu wa Nairobi," alisema. "Hujui hata kuongea." Kisha akaniomba nifue vizibao vya mazoezi wakiwa safarini.

Nilivifua. Mama alikuwa ameshawatangazia akina mama wenzake kanisani Misikhu kwamba binti yake anakwenda kucheza mashindano ya taifa, na walikuwa wameniombea. Nilimpigia simu nikamwambia nimeumia mguu. Akaanza kuniombea mguu. Nikakata simu nikaendelea kusugua vile vizibao, na kila nilichokikamua nilikikamua kama shingo ya mtu.

Watu wa dini huniambia kisasi ni cha Mungu. Najua. Lakini Mungu ana kazi nyingi, nami nilikuwa na nafasi.

Nilipomaliza cheti Kitale nikaenda kusomea diploma Bungoma. Mwalimu wa mpira wa vikapu huko alikuwa mama mmoja mpole aliyezaliwa nyuma ya msikiti wa mjini, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama mlenda. Tulimwita Madam. Msimu ulipoanza nilimwomba tuwe na mbinu mbili, nikamchorea, nikamwambia ziitwe Kura na Kula.

"Mbona maneno yanayofanana hivyo, mwanangu?" aliniuliza. "Nyinyi watu wa huku mtayakoroga."

"Ndiyo, Madam. Nataka tuyakoroge vizuri."

Nikamweleza yote, hata vile vizibao. Alirekebisha mtandio wake, akasema, "Haya. Lakini ulimi wako uutengeneze kwanza."

Msichana wetu mrefu alitoka Cheptais, na watu wa mlimani kwao r si tatizo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa tunamenya viazi kwenye ngazi za bweni, na kila nikikosea ananisukumia viazi vyake nimenye mimi.

"Kura."

"Kula."

"Bado, bana. Wacha ulimi utetemeke. Kurrra."

Nilimenya viazi vya bweni zima. Kisha akaanza kunitimua mbio kuzunguka uwanja, na nikiwa sina pumzi kabisa ananiuliza: sema kura, sema kula. Siku nilipoyasema yote mawili sawasawa huku nahema kama ng'ombe wa jembe, alinikumbatia. Mimi nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu, mwenye miwani.

Mwaka jana mashindano yaliandaliwa Kitale, katika chuo kile kile, kwenye saruji ile ile nilipochekewa. Tulikutana nao nusu fainali. Kocha aliponiona nikipasha mwili moto aliinua miwani yake. "Sasa, Rudia," alisema. "Ulipata timu?"

"Nilipata, kocha."

Mpango wetu ulikuwa hivi. Robo tatu za kwanza niongee kama zamani: nikitaka Kura niseme Kula, nikitaka Kula niseme Kura. Robo ya mwisho ninyooshe ulimi. Wenzangu walijua. Na yule bwana, kwa jinsi nilivyomfahamu, angefurahia mno kukosea kwangu hata asijiulize lolote.

Hakuniangusha. Nilipofungua mdomo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika benchi. Akawapigia kelele wasichana wake: "Huyo hajui r! Akisema kula ni kura! Geuzeni!" Wakageuza. Kila nilichoita walikuwa wameshafika kabla yetu, na tukaanza kupigwa. Mashabiki wetu waliotoka Bungoma wakaacha kuimba. Madam alikuwa anavuta tasbihi. Nami niliumia, kwa sababu kupigwa ni kupigwa hata kama umekupanga, na nilianza kuogopa kwamba ulimi utanisaliti saa ninapouhitaji.

Robo ya mwisho ikaanza. Nikadundadunda mpira, nikavuta pumzi, nikaita, "Kula!"

"Kura hiyo! Kona! Kona!" kocha akapayuka.

Wasichana wake wakakimbilia kona kama kuku walioitiwa mahindi. Chini ya ringi akabaki msichana wa Cheptais peke yake. Akala.

Nikaita Kura kwa r ya kutetemeka. Wakajazana chini ya ringi, na wa kona akarusha akiwa hana hata kivuli karibu naye. Nikaita Kula tena. Akala tena. Kocha alipiga kelele wageuze, kisha wasigeuze, kisha wageuze, mpaka wasichana wake wakawa wanamtazama yeye badala ya mpira. Tukawapita. Mara nikaupora mpira mikononi mwao, wote wakiwa wamesahau ulinzi, nami nakimbia peke yangu kuelekea ringi. Ndipo nikamsikia. Alikuwa ameruka kutoka kwenye benchi, miwani imeanguka, jasho machoni.

"Ludini!" alilia. "Ludini nyuma! Ludini!"

Upande wa mashabiki wetu ukalipuka. "Ati ludini! Kumbe ni wa kwetu, bana!" Mama mmoja alimsalimia kwa sauti, kwa lugha ya kwetu, "Mulembe!" na watu wakaanguka chini kwa kicheko. Nyani haoni kundule. Miaka yote ile alikuwa ananiadhibu kwa ulimi wake mwenyewe.

Kesho yake kwenye fainali tulichapwa vibaya na wasichana wa Mombasa. Wenzangu walilia. Mimi nilikula chapati.

Lakini filimbi ya nusu fainali ilipolia tulipanga mstari kupeana mikono, kama desturi. Kocha alikuja akiwa ameshavaa miwani yake. Akanipa vidole vya juu juu.

"Hongera. Mmejaribu."

Nikamshika mkono wote, nikaukaza. "Kocha, pale mwisho uliwaambia wasichana wako wafanye nini?"

Wasichana wenyewe walikuwa nyuma yake, wanasikiliza. Alitazama pembeni. Akatamka polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe: "Niliwaambia warudi."

"Siyo hivyo. Sema vile ulivyosema."

Akajaribu kuuvuta mkono. Sikuuachia.

"Rudia," nikamwambia.