Kwa Bawa Moja na Maombi

Baba alikuwa dereva wa lori la mafuta ya ndege kule uwanjani Embakasi. Kiingereza chake alikiokota huko, neno hapa neno pale, akatuletea nyumbani Mbotela jinsi wazazi wengine walivyoleta miwa. Msemo alioupenda kuliko yote ni ule wa marubani, wa kufika kwa bawa moja na maombi. Alitueleza maana yake jioni moja, amesimama mlangoni, mkono mmoja kaunyoosha kando.

"Ndege imeharibika angani, bawa limebaki moja. Rubani atafanya nini? Anaelekea nyumbani huku akiomba. Akitua salama, ametua kwa bawa moja na maombi."

Nyanya, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Machakos, alimsikiliza kwa makini. "Na hilo bawa lingine limeliwa na nani?"

Tangu siku hiyo, lolote lililofaulu kwa shida tuliliita hivyo: mtihani wangu wa kupiga taipu, sufuria ya wali iliyowatosha wageni wa ghafla.

Kisha ikafika Jumamosi ya harusi yangu. Gari tuliloazima lilikohoa mara mbili kwenye Barabara ya Jogoo, likazima. Baba alizungusha ufunguo, akashuka, akafungua boneti, akarudi kuketi mikono ikiwa myeusi.

"Mama," akaniambia, maana nilipewa jina la mama yake, "bawa la kwanza limekwenda."

"Na la pili?"

Akaonyesha nyuma kwa kidevu. Kanisa halikuwa mbali, na wanawake wa kwaya walikuwa wakitufuata kwa miguu. Walifunga leso viunoni, wakaweka viganja kwenye buti, wakasukuma bila kuukatiza wimbo wao.

Sijawahi tena kusafiri hivyo. Hakukuwa na mngurumo, ila miguu na sauti zao, alto ikipanda tulipofika mwinuko, ikishuka nasi tuliposhuka. Dirisha lilikuwa wazi. Shela yangu ilijaa upepo ikanifunika uso, na kupitia kwake nyumba za estate, kamba za nguo na watu waliosimama kutupungia vilikuwa vyeupe, vikielea. Harufu ya mkate ilitoka Industrial Area. Baba alishika usukani, midomo ikicheza; najua alikuwa akiomba. Mimi niliomba kanisa lisogee mbele kidogo, safari isiishe.

Lilipotokea ndipo nilipoogopa. Tulikuwa tumechelewa sana. Mchumba wangu alikuwa mtu wa kufikiri mengi. Nilimwona akilini ameshakata tamaa, ameondoka zake.

Niliingia nimeshika mkono wa Baba. Watu walisimama wote, isipokuwa mmoja. Bwana harusi alikuwa kwenye benchi la mbele, kichwa kimelalia bega la msimamizi wake, amelala fofofo. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani asubuhi ile ile, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha.

Nikamgusa shavu kwa glavu. Akafumbua macho polepole, akanitazama.

"Umefika kitambo?" akauliza.

"Sasa hivi."

"Basi nilikuwa naota," akasema, akasimama, huku akiinyoosha tai yake.