Kastabini Gotini

Shangazi ni fundi cherehani, na mchezo wa video anaoucheza binti wa kaka yake hajawahi kuutazama. Kila alasiri huja na suruali ya mteja inayongoja pindo, huvuta kigoda, hukaa akimwelekea binti na kuipa televisheni mgongo. "Sitaki huyo zimwi anijue sura," husema. Ndani ya mchezo binti yuko peke yake kwenye jumba lililofungwa, hana silaha, ana kufuli za mafumbo na makabati ya kujifichia tu. Zimwi haonekani, husikika nyayo. Na binti sikio lake la kushoto halisikii tangu utotoni, hawezi kujua nyayo zinatokea upande gani. Zamani alikuwa akifa kwenye mlango wa kwanza. Siku hizi kidole cha shangazi chenye kastabini humgonga goti la kulia au la kushoto, kisha hurudi kwenye sindano, kama mtu aliyefukuza nzi.

Jana, kwenye lango la mwisho, kastabini iligonga magoti yote mawili. "Amesimama," shangazi alimnong'oneza kwenye sikio zima. "Anatusikiliza." Binti akabana pumzi kabatini mpaka nyayo zikaenda zake, akafumbua kufuli, mwanga wa mchana ukajaa kioo.

"Shangazi, tumetoka!"

Shangazi akataka kuinuka, akashindwa. Suruali ya mteja ilikuwa imeshonewa kwenye gauni lake, mshono ulionyooka, shubiri nzima.

"Baba yako asisikie haya," alisema.

Binti hakucheka. Alichukua mkasi, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumfumua, uzi mmoja mmoja.