Helmeti yangu na udi wa Mama

Leo nimemwagiwa maji ya dafu kichwani, na helmeti nimeivaa.

Msicheke kwanza.

Si helmeti ya bodaboda hii. Ni ya mashindano, yafunika uso wote. Nimejinyima mwaka mzima kuipata.

Asubuhi Mama aliona yanuka jasho, akaifukiza udi kama kanzu ya Ijumaa. Hakuniambia.

Nikaivaa, nikashusha kioo, nikaondoa pikipiki. Mbele sioni, nikadhani ni ukungu. Kumbe moshi watoka kwenye matundu ya hewa.

Muuza madafu pale kwenye kona akanisimamisha. "Ndugu, kichwa chawaka moto." Akanimiminia dafu zima.

Kazini nimefika nimerowa, nanukia kama bwana harusi.

Nikampigia Mama kulalamika. Akaniuliza, "Lakini jasho lanuka tena?"

Halinuki.