Maneno ya Alfajiri

Twaibu, muuza vitenge, aliadhini katika msikiti wetu mdogo wa Bariadi kwa miaka kumi na tisa. Hata wakulima wa pamba waliofika mjini kutoka Sapiwi, wasio Waislamu, waliitumia sauti yake kama saa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, baada ya swala ya Alfajiri, alipanda bodaboda na furushi lake kwenda mnadani Sapiwi. Ng'ombe wakakatiza barabara. Dereva aliumia mguu; Twaibu, ambaye hakuvaa kofia ngumu, aliangukia kichwa. Alilazwa Mwanza siku kumi na moja bila kujitambua.

Alirejea akitembea kwa miguu yake, kovu likiwa limefichwa na kofia ya swala. Hapo ndipo tulipokosea, kwani tuliipima afya yake kwa ngozi. Daktari alikuwa amemweleza mkewe, Siwema, kwamba ubongo ulitikisika ndani ya fuvu, mfano wa yai linalovurugika ganda likiwa zima; kwamba mumewe angesahau mambo ya karibuni, angechoka upesi, angeghadhibika pasipo sababu, na kelele zingemtesa; wala hayo si majini. Siwema aliwarudia majirani maneno hayo, mmoja baada ya mwingine. Wengi walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamtajia mganga.

Dukani, Twaibu alianza kuwaamkia wateja wa alasiri kwa Kisukuma, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, mahali pa "Mwadila." Walicheka, naye akacheka pamoja nao bila kujua nani anachekwa. Siwema akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye imamu, nisimnyang'anye adhana, maana ndilo jambo pekee ambalo ajali haikuligusa. Nikakubali.

Haukupita mwezi. Adhuhuri moja, jua likiwa utosini, aliadhini na kuongeza tamko linalosemwa katika adhana ya Alfajiri tu, kwamba swala ni bora kuliko usingizi. Mustapha, muuza viatu wa jirani, akapaza sauti sokoni: "Kumbe tulikuwa tumelala! Haya, kila mtu akunje shuka lake."

Siwema alibandika karatasi kando ya kipaza sauti: MCHANA USISEME. Twaibu aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akaadhini, akalisema. Siku ya tatu Mustapha alimsubiri mlangoni pa msikiti, akamuuliza kama ameamka salama. Twaibu, ambaye hatukupata kumsikia akimkemea hata mbuzi, alimrushia kipaza sauti alichokuwa bado amekishika, kikampasua shavu.

Nikamwita, nikamwambia kwamba kuanzia siku ile Hamimu, kijana wa madrasa yetu, ndiye atakayeadhini.

"Sheikh, nimekosea wapi?"

Nilimweleza taratibu. Akanishukuru. Baada ya swala ya Alasiri alinijia tena na swali lile lile, kwa maneno yale yale, na kwa uchungu ule ule wa mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza. Kesho yake pia, na kesho kutwa. Mara nne nilimjibu. Mara ya tano ulimi ulinishinda, nikamwambia hakukosea.

Sasa huketi mlangoni mwa duka na kuitikia adhana ya Hamimu tamko kwa tamko, kama impasavyo msikilizaji. Adhuhuri, panapofika mahali pa yale maneno ya Alfajiri, Hamimu hupita. Twaibu hungoja kidogo, kisha humwitikia lile ambalo halikusemwa, kwa jibu lake la Alfajiri: "Umesema kweli."

Siku za mwanzo Siwema alikuwa akimsahihisha. Juzi nilipita pale saa nane mchana, nikaona amemwekea chai na viazi vitamu, kifungua kinywa cha nyumba ile.

"Mwangaluka, Sheikh," Twaibu akaniamkia.

Siwema aliacha kukata kitambaa, akanitazama.

"Mwangaluka, Twaibu," nikajibu, nikaketi kunywa naye chai ya asubuhi.