Hakuna Anayetafuta Jokofu

Kwenye gazeti alikofanya kazi miaka ishirini na saba walimwita Kamusi. Alikuwa msahihishaji. Hakuna ukurasa ulioingia mtamboni kabla hajaupitia kwa kalamu nyekundu, na waandishi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mhariri mkuu. Aliyeandika "masaa" badala ya "saa" alirudishiwa karatasi bila maelezo, na aliyeandika hivyo mara ya pili aliitwa mezani kwake akasimama.

Gazeti lilipoacha kuchapishwa na kubaki la mtandaoni tu, meza yake iliondolewa pamoja na mtambo. Kabla ya kuondoka alikaa miezi minne na watu wa tovuti, akajifunza kwa nini habari fulani hutokea juu kabisa mtu anapotafuta jambo kwenye simu, na nyingine, nzuri zaidi, huzikwa ukurasa wa tano ambako hakuna anayefika. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Aliona kazi hiyo haikuwa mbali sana na ile aliyoizoea: maneno, mpangilio, subira. Akaanza kuifanya nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, kwa ajili ya chuo cha udereva, kliniki ya meno na duka la sare za shule.

"Wifi yangu siku hizi anapandisha," mke wa kaka yake aliwaambia majirani.

"Anapandisha nini, mashetani?"

"Tovuti. Ila akianza, hata ukimsalimia hakusikii. Sasa tofauti iko wapi?"

Kaka yake huyo alikuwa fundi wa friji. Kwa miaka kumi na tisa karakana yake ilikuwa kando ya barabara kubwa, na tangazo lake lilikuwa friji zenyewe, kumi au kumi na mbili zikiwa zimepangwa barazani mbele ya mlango. Mwenye friji mbovu alipita, akaona, akaingia. Barabara ilipopanuliwa, safu yote ile ya maduka ilivunjwa. Fundi alipata chumba nyuma ya ghala la mbao: unapita kati ya marundo ya mbao, unakata kushoto penye tangi la maji, unafika. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko cha zamani, chenye umeme mzuri na paa lisilovuja. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Hakuna aliyepita hapo.

Friji zilizokuwa zikiingia nane kwa wiki zikawa mbili, na wiki nyingine moja. Ndipo kampuni moja ya vyumba vya baridi ikamtaka akaajiriwe. Walimpa wiki saba za kufikiri, kwa kuwa fundi wao wa zamani alikuwa hajastaafu bado. Kazi ilikuwa ya uhakika. Lakini fundi alikuwa na miaka hamsini na minane, hajawahi kuomba ruhusa ya kutoka tangu aache shule, na kila alipoitaja kazi ile alianza na ovaroli.

"Ina jina lao mgongoni," alisema. "Mgongoni, mdogo wangu. Kama mchezaji wa akiba."

"Ovaroli si tatizo," mkewe alisema. "Tatizo ni hii simu. Hailii."

Alisema hivyo huku akimtazama wifi yake, na alikuwa na sababu. Tovuti ya karakana ilikuwa imeandikwa na Kamusi mwenyewe mwaka uliotangulia. Ukurasa wa mbele ulisema: "Karakana ya Ukarabati wa Majokofu." Chini yake zilifuata aya nne zisizo na koma iliyokosewa mahali. Jokofu lilitajwa mara thelathini na moja. Kamusi alikuwa na maoni thabiti kuhusu neno hilo: lipo, ni sahihi, na mtu akisema "friji" wakati jokofu lipo ni sawa na kukopa chumvi na yako iko jikoni.

Siku moja ya wiki ya kwanza kati ya zile saba, simu ililia. Mke wa fundi, ambaye ndiye aliyekaa kaunta, aliipokea kama alivyoelekezwa na wifi yake.

"Haloo, karakana ya majokofu."

Mwanamume wa upande wa pili alijibu: "Samahani mama, nimekosea namba. Nilikuwa namtafuta fundi friji."

Ikakatwa. Kabla mke wa fundi hajasema neno, mtu yule alikuwa ameondoka. Alipopiga tena ile namba, mwanamume yule alimshukuru akasema ameshampata mwingine.

Mke wa fundi alikwenda nyumbani kwa Kamusi jioni ile ile, hakukaa.

"Wifi, hilo jokofu lako litatumaliza."

"Neno lina kosa gani?"

"Halina kosa. Ndiyo shida yake. Ni kama bwana harusi mzuri ambaye hakuna anayemjua. Mimi mwenyewe nimeolewa na fundi miaka thelathini, sijawahi kumwambia mtu 'funga mlango wa jokofu'. Wewe umewahi?"

Jikoni kwa Kamusi palikuwa na kijikaratasi kwenye mlango wa friji, alichowabandikia wapwa zake wanaokuja kumtembelea, na alikiandika mwenyewe: "Msiache friji wazi."

Mgeni alipoondoka, alifungua taarifa ambayo huonyesha watu waliandika nini hata tovuti ikatokea mbele yao. Kwa mwezi mzima tovuti ya kaka yake ilikuwa imetokea mara kumi na moja. Mara saba kati ya hizo aliyetafuta alikuwa ameandika "wingi wa jokofu" au "jokofu ni nini". Walikuwa wanafunzi. Tovuti ya karakana ilikuwa imesaidia kazi za nyumbani za Kiswahili, na haikuwa imeleta friji hata moja.

Kesho yake asubuhi alifika karakana na daftari, akaketi kwenye benchi la wateja. Alimwomba kaka yake jambo moja: asimkatize mteja. Fundi mzoefu husikia maneno matatu akajua ni gesi au ni kompresa, na humalizia sentensi mwenyewe. Kamusi alitaka sentensi nzima, kama ilivyotoka kinywani kwa mwenye friji.

Wateja walikuwa wachache, hivyo alikwenda pia kwa mafundi wengine wawili waliokuwa marafiki wa kaka yake, akakaa kwenye mabenchi yao. Aliandika: "Inawaka taa ila baridi hakuna." Aliandika: "Juu inagandisha, chini joto." Aliandika: "Inanguruma usiku kama lori." Mwuza juisi mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka, aliweka mkoba kaunta akasema, "Fundi, friji yangu inakojoa."

"Inakojoa vipi?" fundi aliuliza.

"Inakojoa, fundi, we unajua kukojoa ama hujui? Naamka asubuhi, jikoni dimbwi. Nikipanguza, saa sita dimbwi. Mtoto angekuwa hivyo ningempeleka hospitali."

Mke wa fundi aligeuka kumwangalia Kamusi. Kalamu ilikuwa imesimama hewani.

"Andika, wifi. Usione haya. Ndivyo alivyosema."

"Ningeweza kusema inavuja."

"Ungeweza. Yeye hakusema."

Kamusi aliandika. Kwa miaka ishirini na saba mkono wake ulikuwa umefundishwa kusahihisha kabla hata akili haijaamua. Kunakili kosa la mtu na kuliacha kama lilivyo ilikuwa kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Mara mbili alikuta amefuta bila kujua, ikabidi amrudie mteja na kumwuliza alisemaje. Hata ngeli ilimsumbua: friji hii au friji hili? Alihesabu kwenye daftari. Watu thelathini na wanne walisema "hii", tisa walisema "hili". Akachukua "hii", akasonga mbele.

Wiki ya pili alifumua tovuti yote. Jokofu aliliondoa mahali thelathini, akaliacha mahali pamoja tu, karibu na mwisho, kwa ajili ya wanafunzi. Badala ya aya nne zilizosifu karakana, aliandika ukurasa mmoja kwa kila ugonjwa wa friji, na kichwa cha kila ukurasa kilikuwa maneno ya mteja. "Friji inawaka taa lakini haipoozi." "Friji inagandisha juu tu." Chini ya kichwa alieleza kwa ufupi sababu zake, kipi mtu aweza kukijaribu mwenyewe na lini amwite fundi. Kaka yake alimweleza mambo hayo huku akipiga magoti nyuma ya friji, tochi mdomoni, na yeye akiuliza tena na tena hadi aelewe. Ule ukurasa wa maji alikaa nao siku mbili. Mwishowe uliitwa "Friji inamwaga maji chini", na sentensi ya kwanza ilisema: "Wengine husema friji inakojoa."

Picha kubwa za karakana alizipunguza uzito ili zifunguke haraka hata kwenye simu ndogo. Na alipokuwa akikagua anwani aligundua kosa lingine, hili la familia nzima: kwenye ramani ya simu, karakana ilikuwa bado kando ya barabara kubwa. Waliokuwa wameifuata ramani kwa miezi mitatu walifika mahali penye lami mpya na mtaro. Akairekebisha, akaandika maelezo ya ghala la mbao na tangi, akaweka picha ya tangi lenyewe.

Kisha ikawa kusubiri.

"Sasa simu italia lini?" kaka yake aliuliza.

"Sijui."

"Nipe hata makadirio."

"Anayekupa makadirio anakudanganya."

"Mimi nikimwambia mteja hivyo ananinyang'anya friji yake."

Wiki ya tatu hakuna kilichobadilika. Wiki ya nne, mtu wa eneo lile akitafuta fundi friji, karakana ilitokea ukurasa wa tatu. Wiki ya tano ilikuwa ukurasa wa pili, na ule ukurasa wa maji ukaruka peke yake hadi ukurasa wa kwanza, kwa sababu hakuna fundi mwingine aliyewahi kuandika neno "inakojoa". Simu zikaanza. Mke wa fundi sasa alipokea kwa kusema "Haloo, fundi friji", na kila aliyepiga aliulizwa amepata wapi namba. Majibu aliyaandika kwenye kipande cha boksi kilichokuwa kimetundikwa kwa msumari juu ya kaunta.

Mwanzoni mwa wiki ya saba, ofisa wa kampuni ya vyumba vya baridi alipiga. Walitaka jibu Ijumaa. Fundi hakusubiri Ijumaa. Alimwita dada yake, akafunga mlango wa karakana, akamketisha kwenye benchi.

"Niambie kitu kimoja. Hizi simu ni za kweli, au ni upepo tu unapita?"

Mkewe alikuwa nyuma ya kaunta. Alimkazia wifi yake macho ya kumtaka aseme neno moja zuri na anyamaze.

Kamusi alichukua kile kipande cha boksi. "Kwa wiki hizi mbili zilizopita wamepiga watu arobaini na mmoja. Ishirini na sita wametuona mtandaoni. Kumi na tisa kati ya hao wameleta friji. Hizo ni za kweli."

"Haya."

"Lakini nafasi si yetu. Kesho fundi mwingine akiandika vizuri kuliko mimi, tutashuka. Na wenye mtambo wa kutafutia hubadilisha mambo yao bila kumwambia mtu. Inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa mwakani."

"Jamani wifi," mke wa fundi alisema, "si ungeishia kwenye kumi na tisa!"

Fundi alicheka kidogo. Alitazama friji sita zilizokuwa sakafuni, mbili zikiwa zimefunguliwa migongo.

"Ikishuka, unafanyaje?"

"Narudi kwenye benchi na daftari. Nasikiliza wamebadilisha wanavyosema."

"Kila mara?"

"Kila mara. Haina mwisho hii kazi, kaka. Ni kama gesi yako, unajaza, inatumika."

"Gesi haitumiki," fundi alisema. "Gesi ikipungua ujue kuna tundu."

"Basi siyo kama gesi."

Fundi alijipangusa mikono kwa kitambaa, akachukua simu na kupiga pale pale, akiwa amesimama. Alimshukuru ofisa yule mara mbili. Alisema hapana mara moja. Upande wa pili walimwuliza kitu, akajibu, "Hapana bosi, siyo mshahara. Nina friji sita hapa zinanisubiri." Alipokata, mkewe alimwuliza kama ana uhakika. Alisema hana, akamwomba amshikie tochi.

Kamusi alibaki kwenye benchi, akafungua daftari ukurasa mpya. Mlango ulipofunguliwa tena, mwanamume mmoja aliingia akitweta, akasema ametafuta tangi la maji hadi akakata tamaa, kwa kuwa kwenye picha lilikuwa la bluu na pale nje wamelipaka kijani. Kamusi aliandika hilo, akatoka nje na simu yake kulipiga tangi picha nyingine.