Mpira wa Nje Niliosema Umeingia

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Iringa, na tenisi nimeicheza tangu shule. Nilikuwa nakula vizuri, nalala vizuri, na maringo kidogo nilikuwa nayo.

Ugonjwa ulinianzia uwanjani Mbeya. Nilipotaka kuanzisha mpira, vidole vikafa ganzi, moyo ukaenda mbio, jasho baridi likanitoka hadi kwenye nyayo. Nikatapika ugali wote kando ya uzio. Tangu hapo kila mashindano yakawa hivyo, na siku mbili kabla naanza kuharisha.

Sasa niseme la aibu. Mechi zetu nyingi hazina mwamuzi. Kila mchezaji anaamua mipira inayoangukia upande wake. Mpinzani akipiga nje, mimi nasema umeingia. Nampa pointi ili mechi iishe nikajifiche. Watu wakanisifu eti muungwana, nami nikazipokea sifa hizo bila haya.

Mama aliponiona nimekonda, akanipeleka hospitali akiamini ni moyo. Daktari akapima, akarudia.

"Dada, moyo wako mzima," akasema. "Hii ni hofu, na inatibika. Ila usiikimbie."

Nikawa narudi kwake kila wiki kuongea na kujifunza kupumua polepole. Kocha wangu, mama wa Kibena asiyejua kubembeleza, nikamweleza yote.

"Ushindi sikudai," akasema. "Ukiona nje, sema nje. Basi."

Miezi mitatu nilifanya zoezi hilo.

Nikarudi Mbeya. Mpinzani akabakiza pointi moja tu anitoe. Mpira wake ukaangukia nje, upana wa vidole viwili. Neno moja tu, "umeingia", na ningekuwa nimejifunika blanketi.

"Nje," nikasema.

Sauti ilitoka kama ya kuku mgonjwa, lakini ilitoka. Tukacheza karibu saa nzima zaidi, kisha nikafungwa. Nikalia kwa furaha.

Hofu bado inanitembelea, ila hainitoi tena uwanjani. Namshukuru Mungu, daktari na kocha. Wewe unayetapika kabla ya mechi au mtihani, nenda hospitali, na umwambie mtu mmoja ukweli wote.

Namshukuru na mama. Siku ile ya kufungwa alikuwa kando ya uwanja; aliona machozi yangu akadhani nimeshinda, akapiga vigelegele hadi watu wakageuka.

"Mama, nimefungwa," nikamnong'oneza.

"Si umecheza mpaka mwisho?" akaniuliza. "Basi niache nimalize."

Akaendelea.